Kanga Isiyo na Jina

Kimebandikwa mlango wa nyuma, karibu na mita ya umeme,
kimraba cheusi na cheupe, ukubwa wa kiganja.
Kina pindo. Kina mji. Jina ndilo hakina.
Siku ya kwanza nilisimama mbele yake
nikitafuta maneno, kama nilivyozoea kumsoma jirani mgongoni
kabla hajageuka tukasalimiana.
Bwana Msangi akasema, "Husomi wewe. Unasomwa."

Zamani, yaani hadi Machi,
tulikuwa na Bi Kidawa na daftari lake la kaunta,
kalamu imefungwa uzi wa kufumia isije ikatembea.
Ukifika anakutazama kwanza, viatu, kisha macho,
anauliza kama homa ya mtoto imeshuka,
ndipo anaandika neno moja: yupo.
Mvua ilipofunga Jangwani, tukafika Samora saa mbili
tumeloa hadi vitambulisho,
akatuandika yupo, yupo, yupo,
na pembeni, kwa herufi ndogo: maji.
Daftari lile lilijua maji.

Sasa unainua simu. Unasubiri kiduara kizunguke.
Bando likikata, umesimama pale na ndoo mkononi
na hujafika.
Nimewahi kutokuwepo dakika arobaini
huku ngazi zote za chini nimeshazipiga deki,
zinang'aa, zinanuka limau.

Halafu kuna hili la saa.
Mimi huingia saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Simu inaandika tano na nusu.
Mwisho wa mwezi nikapanda ghorofa ya sita
kwa kijana wa hesabu, Elineema,
nikamuuliza: mwanangu, saa zangu sita zimekwenda wapi?
Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka tu kulisikia likisemwa.
Akacheka, si kwa ubaya, akanieleza taratibu
kwamba siku ya mashine huanza usiku wa manane,
watu wamelala.
Nikamwambia, basi ndiyo maana.
Mnaanza kuhesabu gizani.

Zamoyoni wa lifti alikipiga picha.
Akaenda kukichapisha stesheni ya Mbagala, shilingi mia tano,
akakibandika nyuma ya mlango wa chumba chake.
Siku nane aliingia kazini akiwa kitandani, shuka hadi kidevuni,
na lifti ikipandishwa na kila mtu na hakuna mtu.
Kilichomponza ni uaminifu:
aliripoti pia sikukuu ya Idi,
jengo zima limefungwa, askari peke yake getini
anakula pilau kwenye kontena.
Tulicheka mpaka Chausiku akakaa chini.
Zamoyoni hakurudi.

Tangu hapo si karatasi tena. Ni kioo,
na kimraba kinabadilika kila dakika,
kanga mpya, kanga mpya, kanga mpya,
na katika zote hizo hakuna hata moja
inayokwambia kitu.

Hakihitaji kuguswa. Tumeambiwa mara nyingi.
Lakini watu hukigusa, kwa kidole, kwa kifundo,
kama wanaobisha hodi nyumba wasiyoijua.
Ikifika jioni kioo kimejaa alama:
mafuta ya maandazi, unga wa muhogo,
wekundu mwembamba wa hina ya Chausiku.
Hapo ndipo ninapowaona wenzangu, mmoja mmoja.
Nikikiacha hivyo, asubuhi kinasumbua,
simu inakikodolea macho, haikitambui,
na foleni inafika hadi kwenye mapipa.

Kukisafisha ni kazi yangu.
Kwa hiyo kila alfajiri, kabla sijafika,
nachovya kitambaa, nakamua, nafuta
pindo zote nne, nafuta mji,
nakausha kwa ncha ya kilemba changu.
Kisha narudi nyuma hatua moja, nainua simu,
kinanipokea. Tano na thelathini na mbili.
Nimechelewa dakika mbili.

Bi Kidawa, huko stoo walikomhamishia kuhesabu sabuni,
angeandika pembeni, kwa herufi ndogo:
kitambaa.